Unataka kurefushwa miguu? Hesabu miezi kwanza

Na DAKTARI WETU

JE, mtu aliyekwisha kukomaa anaweza kuongezewa urefu hospitalini? Zamani nilikuwa nikiulizwa swali hili kwa mzaha, mara nyingi na mtu aliyekuja kutibiwa malaria. Siku hizi naulizwa kwa dhati, na anayeuliza huhakikisha kwanza kwamba mlango umefungwa. Wengi ni wanaume wa kati ya miaka 20 na 35, wana kazi, wamesoma, na hawaugui chochote.

Jibu ni ndiyo, inawezekana. Lakini wanaouliza huwa wanaifikiria siku ya upasuaji tu, ilhali upasuaji wenyewe ni saa chache za usingizi wa dawa. Leo ningependa tuzungumzie miezi inayofuata, kwani hiyo ndiyo mtu anayoinunua.

Kwanza tuwaondoe njiani wauza dawa. Mifupa mirefu ya miguu hukua kwenye ncha zake, mahali penye tabaka laini la gegedu. Msichana anapofika miaka 14 hadi 16 hivi, na mvulana miaka 16 hadi 18, wengine wakichelewa kidogo, tabaka hilo hugeuka kuwa mfupa na ukuaji hufungwa. Likishafungwa, hakuna tembe, unga, mafuta ya kuchua wala kuning'inia kwenye tawi la mti kutakakourefusha mfupa. Anayekuuzia chupa ya dawa ya kurefuka anakuuzia matumaini tu, na bei yake haina risiti.

Njia ya kweli ni moja: mfupa ukatwe, kisha uvutwe polepole huku ukiendelea kupona.

DAKTARI WA KIJIJINI

Aliyeigundua njia hii hakuwa akitafuta urembo. Gavriil Ilizarov alizaliwa mwaka wa 1921, na baada ya kuhitimu alipelekwa kuwa daktari wa kijijini katika mkoa wa Kurgan, Siberia ya magharibi. Alitibu kila kitu, kama tufanyavyo sisi wa zahanati. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeacha watu wengi wenye mifupa iliyokataa kuunga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alibuni chombo cha pete za chuma zinazouzunguka mguu. Pete hizo zilishikwa kwenye mfupa na nyaya nyembamba zilizokazwa, mfano wa spoku za baiskeli, na zenyewe ziliunganishwa kwa vyuma vyenye nati. Kusudi lilikuwa kuvibana vipande viwili vya mfupa ili viungane. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja alizungusha nati upande usiofaa, akatanua badala ya kubana, na Ilizarov alipotazama picha ya eksirei akakuta mfupa mchanga umeota katika ule mwanya. Iwe kisa kilikuwa hivyo hasa au kimepambwa na wasimulizi, kanuni aliyoithibitisha kwa miaka mingi ya kazi ni hiyo: mfupa uliokatwa kwa uangalifu, ukitanuliwa kidogo kidogo, huota mwingine katikati. Misuli, ngozi, mishipa ya damu na ya fahamu navyo hufuata, ingawa kwa shingo upande, kama tutakavyoona.

Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka wa 1964, alivunjika mguu vibaya katika ajali ya pikipiki mwaka wa 1965, akapasuliwa mara nyingi bila nafuu, hadi alipofika kwa Ilizarov mwaka wa 1968. (Kumbe pikipiki hazikuanzia kwetu kuvunja miguu ya watu.) Madaktari wa Ulaya Magharibi hawakuizingatia kazi hiyo mpaka mpanda milima wa Italia, Carlo Mauri, alipokwenda Kurgan kutibiwa mguu wake mwaka wa 1980. Mwaka uliofuata Ilizarov alialikwa Italia kuwafundisha wenzake. Alifariki mwaka wa 1992.

Hapa Kenya madaktari wa mifupa hutumia fremu za aina hii kwa waliovunjika vibaya katika ajali, kwa waliopoteza kipande cha mfupa kwa sababu ya usaha uliokaa ndani miaka mingi, na kwa watoto ambao mguu mmoja umeachwa nyuma na mwenzake. Tofauti ya chini ya sentimita 2 kati ya miguu kwa kawaida haihitaji kisu, kiatu kilichoongezwa soli kinatosha. Ikizidi hapo, mzazi asikae nyumbani akiambiwa mtoto atakua aisahau. Ampeleke kwa daktari wa mifupa mapema, kwa sababu kwa mtoto anayekua kuna njia nyepesi zaidi ambazo hupotea ukuaji ukifungwa.

Hao ni wagonjwa. Hatari ya upasuaji kwao hupimwa dhidi ya kilema walicho nacho tayari. Mtu mwenye miguu miwili mizima iliyo sawa hana cha kuweka upande wa pili wa mizani ila uchungu wake wa moyoni. Siudharau uchungu huo. Nimewasikia wanaume wakieleza jinsi walivyokatwa kauli mikutanoni, jinsi walivyopachikwa jina la mbilikimo tangu darasa la tatu, na jinsi wazazi wa mchumba walivyocheka. Ila mizani hiyo yafaa mtu aione kabla ya kupanda kitandani.

SIKU KWA SIKU

Tuchukue mfano wa mwanamume wa sentimita 163 anayetaka kuongezwa sentimita 5 kwenye miundi, afike 168. Hapo atakuwa amekaribia wastani wa wanaume wa Kenya, ambao ni karibu sentimita 170. Hatakuwa mrefu, atakuwa tu mtu ambaye hakuna anayemtazama mara mbili.

Siku ya kwanza mifupa ya miundi yote miwili hukatwa, pamoja na ule mwembamba ulio kando yake, na fremu hufungwa. Kisha kwa siku 5 hadi 7 hakuna kinachoguswa, ili uponaji uanze. Baada ya hapo nati huanza kuzungushwa: robo ya milimita, mara nne kwa siku, asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Hiyo ni milimita 1 kwa siku. Anayezungusha ni mgonjwa mwenyewe, nyumbani, kwa spana ndogo. Akienda mbio, mfupa mchanga hauoti na mishipa ya fahamu huumia. Akizembea, mfupa huungana kabla ya wakati na itabidi arudi kukatwa upya.

Kwa sentimita 5, hizo ni siku 50 za kuzungusha. Watu wengi hufikiri hapo ndipo mwisho. La hasha! Hapo ni mwisho wa kuvuta tu. Kinachoonekana kwenye eksirei wakati huo ni kivuli chembamba kama moshi, na mwenye nacho hawezi kukiachia uzito wake bila kitu cha kukitegemeza. Hesabu ya madaktari ni kwamba fremu hukaa mguuni kwa muda wa mwezi 1 hadi mwezi 1 na nusu kwa kila sentimita. Sentimita 5 basi ni miezi 5 hadi miezi 7 na nusu ya chuma. Zikifuata wiki za magongo na miezi ya mazoezi ya viungo, mwaka umekwisha.

Tuingie sasa ndani ya hiyo miezi, maana matangazo hayaingii humo. Suruali haivaliki, utavaa kaptura pana au kikoi. Choo cha kuchuchumaa hakitumiki kabisa. Kama unaishi ghorofa ya nne katika jumba lisilo na lifti, kama yalivyo majumba mengi ya Nairobi, utashuka siku za kliniki tu, tena kwa kubebwa. Kila tundu ambapo waya umepenya ngozi lazima lisafishwe kwa utaratibu, na hata kwa usafi wa hali ya juu baadhi hupata viini na kutoa usaha, ukahitaji dawa za antibiotiki. Usiku ndio mbaya. Misuli iliyokuwa na urefu wake tangu ujana inavutwa, nayo hulalamika mwili ukitulia. Wengi hulala saa mbili tatu, wakaamka, wakalala tena. Dawa kali za kutuliza maumivu zina mipaka yake, kwani mtu huweza kuzizoea akashindwa kuziacha, na baadhi ya zile za kawaida, kama diklofenaki, madaktari wengi wa mifupa huziepuka kwa hofu ya kuchelewesha mfupa kuota. Sigara ni marufuku kwa sababu hiyo hiyo.

Na kila siku, uchungu usiuchungu, kuna mazoezi. Goti linyooshwe, wayo uinuliwe juu, kano ya kisigino inyooke. Nikiulizwa ni sehemu gani watu huidharau zaidi, ni hii. Mfupa huota wenyewe ukipewa nafasi. Kano haiongezeki upesi hivyo, na mgonjwa anayeacha mazoezi kwa wiki mbili kwa sababu ya maumivu huweza kujikuta anatembea kwa ncha za vidole, kisigino hakifiki chini. Hapo hupasuliwa tena ili kano irefushwe.

Kuna njia mpya zaidi ambayo haina fremu. Ufito wa chuma wenye sumaku ndani yake huingizwa katikati ya mfupa, mahali pa uboho, na mgonjwa hutumia mashine anayoiweka juu ya ngozi kuurefusha ufito huo kidogo kidogo kila siku. Ufito wa aina hii uitwao PRECICE uliruhusiwa Marekani mwaka wa 2011. Matundu ya waya hakuna, makovu ni madogo, na mfupa wa paja, ambao huvumilia kuvutwa kuliko muundi, hushughulikiwa kwa urahisi zaidi. Lakini kasi ya mfupa kuota ni ile ile ya Siberia. Ufito wenyewe haustahimili uzito wote wa mtu mpaka mfupa ukomae, kwa hiyo aliyefanyiwa miguu yote miwili hutegemea kiti cha magurudumu na magongo kwa miezi. Baadaye hupasuliwa mara ya pili kuutoa. Tena vyuma vipya navyo vina mambo yake: aina moja iitwayo STRYDE, iliyotengenezwa ili mtu aweze kuikanyagia mapema, iliondolewa sokoni mwaka wa 2021 baada ya madaktari kuona kutu kwenye viungio vyake na mabadiliko katika mfupa uliokuwa karibu.

YANAYOWEZA KUHARIBIKA

Nimekwisha kutaja usaha na kano ya kisigino. Mshipa wa fahamu unaopita kando ya goti ukivutwa kupita kiasi, wayo hulegea na kuning'inia, mtu akawa anaburuta vidole anapotembea. Mara nyingi hurudi ukiwahiwa na kasi ya kuvuta ikipunguzwa. Mara nyingine haurudi wote. Mfupa unaweza kuota umepinda, au usiote kabisa, ukahitaji kupandikizwa mfupa kutoka nyonga. Miguu miwili inaweza kuishia kutolingana, na hapo mtu aliyeingia akiwa mfupi hutoka akiwa anachechemea.

Halafu yapo ya kuua. Ni machache, lakini yapo. Damu inaweza kuganda katika mishipa ya mguu na donge likaenda mapafuni. Ufito unapoingizwa ndani ya mfupa, mafuta ya uboho yanaweza kusukumwa katika damu yakafika mapafuni pia, na hatari hii huongezeka mapaja yote mawili yanapofanyiwa siku moja. Mpasuaji mwangalifu hukueleza haya bila kuulizwa. Asiyeyataja, ondoka.

Mikono nayo haiongezeki. Sentimita 5 hazionekani sana, ila wanaofanya mapaja, kisha wakarudi kufanya miundi ili wapate 12 au 13, hubaki na umbo ambalo jicho hulishuku hata likishindwa kusema kwa nini. Na mchezo wa mpira? Kutembea vizuri wengi hufika. Kukimbia kwa kasi ya zamani ni wachache, na hakuna daktari wa kweli atakayekuahidi.

PESA NA MIPAKA

Nchini Marekani upasuaji huu mara nyingi hupita dola 70,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 9. Ndiyo maana wengi huelekezwa Uturuki na India, ambako bei ni ya chini. Ni upasuaji wa urembo, kwa hiyo usitarajie bima kuulipia. China iliupiga marufuku kwa sababu za urembo mwaka wa 2006, baada ya malalamiko ya watu walioharibiwa miguu, ikauacha kwa wagonjwa peke yao. Huko Hyderabad, India, mwaka wa 2016 kulizuka kelele kubwa pale kijana mmoja alipofanyiwa bila wazazi wake kujua. Kisheria alikuwa mtu mzima. Lakini wazazi ndio walioitwa kumtazama akiwa hawezi kusimama, na hapo ndipo penye funzo kwa anayepanga kuifanya siri.

Hofu yangu kubwa kuhusu safari hizi si ujuzi wa wapasuaji wa huko, kwani wamo walio hodari sana. Hofu ni kwamba bei inayotangazwa hukoma kwenye kiwanja cha ndege. Mgonjwa hukaa huko wiki kadhaa, kisha hurudi kumalizia nyumbani, na miezi iliyo na matatizo mengi humkuta hapa, mbali na aliyemkata. Mmoja aliletwa kwangu na ndugu yake Jumamosi jioni, muundi umevimba na una joto, tundu moja linatoa usaha mzito. Karatasi alizokuwa nazo kutoka hospitali ya ng'ambo zilikuwa risiti na ukurasa mmoja wa maelezo katika lugha nisiyoisoma. Haikuandikwa popote alikuwa amezungusha milimita ngapi. Nilimwanzishia dawa na kumpeleka kwa daktari wa mifupa usiku huo, lakini yule naye alipaswa kuanza kwa kukisia. Mguu uliokolewa. Mfupa ulichelewa miezi minne.

Sitaki msomaji adhani wote hujuta. Namjua mwingine aliyeongezwa sentimita 6 kwenye mapaja, akachukua miezi 14 kurudi kazini kikamilifu, na akiulizwa husema angerudia. Nilimwuliza ni nini hasa kilichobadilika. Akafikiri, akasema hakuna aliyegundua, hata wenzake wa ofisini waliona tu amekonda, lakini yeye ameacha kuhesabu. Kila alipoingia chumbani alikuwa akihesabu waliomzidi. Yeye alikuwa na dada aliyeacha kazi kumwuguza, nyumba ya chini, na akiba ya mwaka na nusu.

Wapo pia wanaouliza kwa ajili ya kazi. Jeshi letu hutaka mwanamume asiyepungua sentimita 160, na kijana mwenye 157 huona hapo pengo dogo la kuzibwa. Kwake jibu langu ni fupi. Sioni daktari wa jeshi atakayempitisha mtu ambaye mifupa yote miwili ya miundi imekatwa na kuungwa, wala sioni mtu huyo akikimbia na mzigo mgongoni.

Kwa wengine huwa siwaambii nendeni wala msiende. Nawauliza ni nani atakayewapikia mwezi wa tatu. Nawauliza kodi ya nyumba italipwa na nani mwezi wa saba, mwajiri ataambiwa nini, na ni daktari gani wa mifupa hapa nchini aliyekubali, kwa maandishi, kuwapokea watakaporudi. Nawauliza pia watafanya nini ikiwa wakishapata sentimita 5 watajiona bado wafupi. Wapo watu ambao huona mwilini mwao kasoro isiyoonwa na mwingine yeyote, na ikiondolewa hapa wakaiona pale. Huo ni ugonjwa wa akili unaotibika, kwa mazungumzo na dawa, na haupungui kwa kisu. Ndiyo maana mpasuaji mzuri humpeleka mtu kwa mtaalamu wa akili kwanza. Ukiambiwa utapasuliwa wiki hii hii bila kuzungumza na mtu kama huyo, jua unafanyiwa biashara.

Kijana mmoja alinijibu maswali yote ila lile la mwezi wa saba. Alisema atarudi baada ya kuzungumza na mkewe. Hiyo ilikuwa Machi mwaka jana, nami sijui kama walizungumza.

Na wewe uliyekwisha kufanyiwa na uko nyumbani na fremu au chuma cha ndani, weka pamoja ripoti ya upasuaji, picha zote za eksirei na daftari la milimita ulizozungusha kila siku. Usingoje kliniki ijayo ukipata homa, usaha, wekundu unaoenea, ganzi mpya, au ukishindwa kuinua kidole gumba cha mguu. Ikiwa ni ganzi au kidole, acha kuzungusha nati huku ukimpigia simu daktari wako. Ndama ikivimba na kuuma kwa ghafla, au ukianza kuhema au kupata maumivu ya kifua, nenda hospitali kubwa iliyo karibu dakika hiyo hiyo, uwaambie walio zamu kwamba mfupa wako umekatwa na lini.